Maisha ya Menno Simons wa Witmarsum

Jina la Kanisa letu latokana na jina la mtu mmoja, naye mtu huyo hakutaka litokane naye. Katika vitabu vyake alivyovipiga chapa aliweka ukurasani mwa mbele neno la Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 3:11, lifundishalo ya kuwa msingi wa Kanisa umekwisha kuwekwa, nao ni Yesu Kristo, wala hakuna mwanadamu awezaye kuweka mwingine. Walioanza kuwaita watu kwa jina la Menno ni watawala, ili wapate kujua nani wa kuuawa na nani wa kuchunguzwa kwanza, kama tutakavyoona mbele. Hata hivyo jina limeshika. Likavuka bahari, likafika Shirati mwaka 1934, na leo watoto wa darasa la ubatizo hulitaja kabla hawajajua ni la nani. Basi kwa ajili yao, na kwa ajili ya waalimu wanaoulizwa maswali yao, habari za maisha yake zimewekwa katika kitabu hiki cha jubilei.

Menno alizaliwa mwaka 1496 katika kijiji cha Witmarsum, nchi ya Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Nchi ile ni tambarare na ya chini. Mahali pengi pasingalikalika kama watu wasingalijenga maboma ya udongo kuizuia bahari, na mali ya wenyeji ilikuwa ng'ombe wa maziwa. Baba yake aliitwa Simon, na kwa desturi ya kule mwana aliongezewa jina la babaye, ndiyo maana ya Simons. Siku zile Wakristo wa Ulaya ya magharibi walikuwa karibu wote chini ya Papa wa Roma. Kila mtoto alibatizwa siku chache baada ya kuzaliwa, akahesabiwa kuwa Mkristo kama alivyohesabiwa kuwa raia wa mfalme. Kubatizwa na kutawaliwa yalikuwa mambo mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. Neno hili msomaji alishike, maana asipolishika hatafahamu kwa nini serikali ziliwaua watu kwa sababu ya maji.

Mwaka 1524, umri wake ukiwa miaka 28, Menno aliwekewa mikono kuwa padre, akapelekwa Pingjum, kijiji cha baba yake, jirani na Witmarsum. Huko walikuwapo mapadre watatu. Kazi haikuwa nzito: walisoma Misa, wakabatiza, wakazika; na saa zilizobaki walicheza karata na kunywa, kama Menno mwenyewe alivyoungama baadaye pasipo kujificha. Alijua Kilatini, lakini Biblia hakuwa ameifungua hata mara moja, kwani aliogopa kwamba akiisoma itampoteza. Hakuwa mtu mwovu kuliko wenzake. Alikuwa mtumishi wa kawaida aliyepokea riziki ya kawaida na kufanya yaliyokuwa yakifanywa siku zote.

Katika mwaka ule wa kwanza, alipokuwa ameshika mkate na divai madhabahuni, wazo likamjia ghafula kwamba vitu vile havigeuki kuwa Mwili na Damu ya Bwana kwa namna alivyofundishwa. Akadhani ni Ibilisi amjaribuye. Akaomba, akaugua, akaungama kwa padre mwenzake, wala wazo halikumtoka. Baada ya muda akafanya lile aliloliogopa, akafungua Agano Jipya. Naye hakuendelea mbali katika kulisoma kabla ya kuona kwamba alikuwa amedanganywa. Vitabu vya Martin Luther, aliyeanza kazi ya matengenezo ya Kanisa huko Ujerumani mwaka 1517, vilimsaidia kwa jambo moja kubwa, yaani kwamba amri za wanadamu haziwezi kumfunga mtu hata mauti ya milele.

Msomaji asidhani kwamba hapo akaacha upadre. La, hasha. Aliendelea kusoma Misa asiyoisadiki. Alihubiri sasa kwa Maandiko kuliko zamani, watu wakaanza kumsifu kuwa mhubiri wa Injili, naye akazipenda sifa zile. Ulimwengu ulimpenda, naye akaupenda ulimwengu. Hayo ni maungamo yake mwenyewe, si shutuma ya adui zake.

Ndipo zikaja habari za mshonaji. Siku ya 20 Machi 1531, katika Leeuwarden, mji mkuu wa Friesland, mshonaji wa nguo aitwaye Sicke Freerks alikatwa kichwa kwa upanga. Mwili wake ukalazwa juu ya gurudumu, na kichwa chake kikatungikwa mtini ili wapitao waone. Kosa lake lilikuwa kwamba alikuwa amebatizwa mara ya pili. Menno alistaajabu sana. Hakupata kusikia maishani mwake ya kuwa uko ubatizo wa pili, na kumbe mtu aliyejulikana kuwa mcha Mungu amekufa kwa ajili yake. Fundi wa sindano alikuwa amelifikiri neno la ubatizo mpaka akatoa shingo yake, na padre abatizaye watoto kila juma alikuwa hajalifikiri hata siku moja.

Hapa imetupasa kurudi nyuma kidogo. Mshonaji yule hakuwa wa kwanza. Katika mji wa Zürich, nchi ya Uswisi, siku ya 21 Januari 1525, vijana wachache walikusanyika usiku nyumbani mwa Felix Manz, na Conrad Grebel akambatiza George Blaurock kwa kuungama imani yake, naye Blaurock akawabatiza wengine. Baraza la mji lilikuwa limekataza. Manz alitoswa mtoni akafa, mwezi wa Januari 1527. Watu hao wakaitwa Waanabaptisti, yaani wabatizaji wa mara ya pili, jina wasilolipenda, kwa sababu walisema kwamba kule kunyunyiziwa maji utotoni hakukuwa ubatizo. Mafundisho yao yakasafiri kufuata mto Rhine, na mwaka 1530 yakafika Emden, bandari ya kaskazini, kwa kinywa cha Melchior Hoffman, fundi wa ngozi za manyoya. Na hapo Emden ndipo Sicke alipobatizwa. Waalimu wetu na wajue pia jambo hili, ambalo mara nyingi husahauliwa: wamisionari waliofika Shirati walitoka katika Kanisa la Lancaster, Pennsylvania, ambalo wazee wake wengi walikuwa uzao wa wale ndugu wa Uswisi, waliohamia Marekani kuanzia miaka ya 1710 hivi, wala si uzao wa watu wa Friesland. Twachukua jina la Menno, lakini tuna mababa wa pande mbili.

Menno akachunguza. Akamwuliza padre mkubwa wake, na baada ya maneno mengi yule akakiri kwamba ubatizo wa watoto wachanga hauna msingi katika Maandiko. Akawasoma waalimu wa zamani, akaona wafundisha kwamba watoto huoshwa dhambi ya asili. Akamsoma Luther, akaona afundisha kwamba watoto hubatizwa kwa imani yao wenyewe. Akamsoma Bucer wa Strasbourg, naye asema hubatizwa ili wazazi wawalee kwa bidii zaidi. Akamsoma Bullinger wa Zürich, naye alinganisha na tohara ya agano la kale. Menno akaona kwamba kila mwalimu ana sababu yake, na sababu hazipatani. Hapo ndipo alipokata shauri moyoni kwamba ubatizo ni wa mtu aliyesikia Neno, akaamini, na kutubu. Shauri lilikatwa moyoni tu. Mwaka ule ule wa 1531 akapata mahali pazuri zaidi, akahamia Witmarsum kijijini kwao kuwa padre wa hapo, na hakuficha baadaye kwamba kilichompeleka kilikuwa tamaa ya faida na ya jina kubwa. Akawabatiza watoto wachanga wa Witmarsum kama alivyowabatiza wa Pingjum.

Sasa twafika katika habari iliyo chungu, ambayo wengine hupenda kuiruka tunaposimulia mwanzo wa Kanisa letu. Si vema kuiruka. Walikuwapo Waanabaptisti waliokosa subira. Kwa kuwa waliuawa kila mahali, wakasikiliza manabii walioahidi kwamba Bwana karibu atarudi na kwamba watakatifu watashika upanga mbele yake. Mwezi wa Februari 1534 wakautwaa mji wa Münster huko Ujerumani. Kiongozi wao wa kwanza, Jan Matthijs, mwoka mikate wa Haarlem, akafa vitani wakati wa Pasaka. Wa pili, Jan van Leiden, akajifanya mfalme, akaamuru wanaume waoe wake wengi, akawaua waliompinga. Mji ukazingirwa, watu wakala njaa, na mwezi wa Juni 1535 ukaanguka kwa mauaji makubwa. Vizimba vitatu vya chuma vilivyotiwa miili ya wakuu wao vyaning'inia hata leo katika mnara wa kanisa la Mtakatifu Lambert mjini humo. Kwa karne nyingi kila Mwanabaptisti, hata asiyemiliki kisu cha kukatia mkate, aliitwa mtu wa Münster.

Menno aliyapinga mafundisho hayo mimbarani na katika mabishano na viongozi wao, akapata sifa ya kuwa awanyamazisha vema. Lakini moto ulifika mlangoni pake. Mwishoni mwa Machi 1535 watu wapatao 300 waliitwaa Oldeklooster, nyumba ya watawa karibu na Bolsward, si mbali na Witmarsum, wakajifungia humo wakiwa na silaha. Baada ya siku nane majeshi ya serikali yakabomoa kuta kwa mizinga, na wengi wakauawa, wengine papo hapo, wengine kwa hukumu. Miongoni mwao alikuwamo mtu aitwaye Peter Simons, na yasemwa kwamba alikuwa ndugu yake Menno.

Jambo hili ndilo lililomvunja. Watu wale walipotea, naye alijua wamepotea. Lakini walikuwa tayari kutoa mali na roho zao kwa uongo, na yeye aliyeijua kweli hakuwa tayari kutoa hata kiti chake cha upadre. Walikuwa kondoo wasio na mchungaji; na mchungaji aliyeweza kuwaonyesha njia iliyo mbali na Misa na mbali na upanga vilevile alikuwa ameketi nyumbani, akila chakula kizuri, akiogopa kusema. Damu yao, aliandika, ilimwangukia moyoni kama moto. Ilikuwa imepita miaka kumi tangu siku alipotilia shaka madhabahuni, na minne tangu kufa kwa mshonaji.

Akaomba kwa machozi apewe moyo safi na ujasiri. Akaandika kijitabu cha kumpinga Jan van Leiden, ambacho hakikupigwa chapa wakati ule. Kisha kwa muda wa miezi kama tisa akahubiri waziwazi mimbarani Witmarsum juu ya toba, juu ya ubatizo wa kweli na Meza ya Bwana ya kweli, na ajabu ni kwamba aliachwa muda wote huo. Mwezi wa Januari 1536 akaacha kazi, riziki, nyumba na jina, akatoka gizani kwenda mafichoni. Umri wake ulikuwa miaka arobaini, au karibu.

Kwa muda wa kama mwaka mmoja alijificha, akisoma na kuandika. Ndipo wakaja watu saba au wanane waliokuwa na moyo mmoja naye, watu waliochukia upanga wa Münster, wakamsihi ashike kazi ya kuwachunga waliotawanyika. Menno hakukubali upesi. Alijiona hana elimu ya kutosha, alikuwa mwoga kwa tabia yake, na alijua ya kuwa kukubali ni kujitoa kwa wauaji. Akaomba muda wa kusali, nao wakasali. Mwisho Obbe Philips, tabibu wa Leeuwarden, akamwekea mikono kuwa mzee wa Kanisa, yapata mwaka 1537, katika nchi ya Groningen. Siku zile zile akamwoa Geertruydt, mwanamke aliyekubali kuolewa na mtu asiye na paa. Obbe mwenyewe baadaye alikata tamaa akauacha ushirika yapata mwaka 1540. Nduguye Dirk akabaki, akawa mtenda kazi mkuu pamoja na Menno.

Mafundisho yake Menno aliyakusanya katika kitabu kiitwacho Msingi wa Mafundisho ya Kikristo, kilichotoka katika miaka ya 1539 na 1540. Alifundisha kwamba Kanisa ni ushirika wa watu waliozaliwa mara ya pili, walioingia kwa hiari yao kwa ubatizo. Alifundisha kwamba imani isiyozaa matendo ya kuwavika walio uchi, kuwalisha wenye njaa na kuwapenda adui si imani. Upanga wa Mkristo ni Neno la Mungu, wala hana mwingine. Vita havimpasi, wala kulipa kisasi, wala kula kiapo, kwa kuwa ndiyo yake na iwe ndiyo. Twaona kwamba mafundisho haya hayakutungwa mezani na mtu mwenye raha. Neno la ubatizo lilitoka katika damu ya mshonaji, na neno la upanga lilitoka Oldeklooster. Mwalimu atakayelifundisha neno la amani pasipo kutaja Münster atawapa wanafunzi wake nusu ya habari.

Si kila alichofundisha tumekishika. Kwa Melchior Hoffman alipokea fundisho kwamba Bwana Yesu hakupata mwili wake kwa Mariamu bali kutoka mbinguni, akalitetea maisha yake yote, na kulibishania kuliko ilivyofaa. Kanisa lililochukua jina lake liliacha fundisho hilo zamani, na sisi twakiri pamoja na Wakristo wengine kwamba alizaliwa na Bikira Mariamu.

Kwa miaka ishirini na mitano Menno hakukaa mahali pasipo hofu. Lakini gharama kubwa zaidi ililipwa na waliompokea. Mwezi wa Januari 1539 mkulima mmoja wa Friesland, Tjard Reynders, mtu mcha Mungu, alivunjwa mifupa juu ya gurudumu huko Leeuwarden kwa kuwa alimhifadhi Menno nyumbani mwake kwa siri, kwa huruma tu. Mwaka 1544 Jan Claesz alikatwa kichwa katika Amsterdam. Miongoni mwa makosa yake lilikuwamo kwamba alipiga chapa vitabu vya Menno vipatavyo 600 na kuvieneza. Tarehe 7 Desemba 1542 Kaisari Karolo wa Tano alikuwa ametoa amri ya kuahidi gulden 100 za dhahabu kwa atakayemtoa Menno, na mhalifu atakayemsaliti kuahidiwa msamaha. Kumpa chakula, kumlaza, kusema naye au kusoma vitabu vyake, yote yakakatazwa. Katika nchi maskini yenye wahalifu wengi, hakuna aliyempata. Wazee hupenda kusimulia jinsi alivyokuwa akisafiri katika gari la farasi akiwa ameketi juu pamoja na mwendeshaji, na askari walipouliza kama Menno yumo ndani, akainama akawauliza abiria, kisha akawajibu kwa kweli tupu kwamba wasema hayumo. Hadithi hiyo ni ya kuchekesha watoto, wala hatuihesabu kuwa historia. Habari iliyo ya kweli ni barua yake ya mwaka 1544, ambamo asema kwamba katika nchi zote zile hakuweza kupata kijumba ambamo mke wake maskini na watoto wao wadogo wangekaa salama mwaka mmoja, au hata nusu yake. Habari za Geertruydt ni chache mno, lakini barua ile yatosha kutuonyesha alichokichukua.

Mwaka 1543 akavuka kwenda Friesland ya Mashariki, nchi ya bibi mtawala Anna, aliyekuwa mpole. Mwezi wa Januari 1544 akaitwa Emden kujadiliana na John à Lasco, Mpolandi msomi aliyelisimamia Kanisa la nchi ile. Wakasema muda wa siku tatu au nne, wakapatana juu ya mambo kadhaa, wakashindwa kupatana juu ya mwili wa Kristo na juu ya ubatizo, wakaachana kwa adabu. Lakini Kaisari akamshurutisha bibi Anna awafukuze Waanabaptisti. Katika amri zake za miaka ile ya 1544 na 1545 alitofautisha wale wa upanga, ambao hukumu yao ni kifo, na wale wa Menno, wachunguzwe kwanza. Hapo ndipo jina letu lilipoandikwa kwa mara ya kwanza, katika karatasi ya serikali ya kufukuza watu.

Menno akaenda nchi ya Askofu Mkuu wa Cologne, akapata raha kidogo hata mwaka 1546; kisha pwani za bahari ya Baltiki, akizunguka kati ya makusanyiko hata nchi ya Prussia. Katika majira ya baridi ya 1553 akawa Wismar. Bahari ikaganda, na merikebu moja ikanaswa na barafu karibu na mji. Ndani yake walikuwamo Waprotestanti waliofukuzwa London na malkia Mary, watu wa kusanyiko la yule yule John à Lasco. Watawala wa mji, waliokuwa Walutheri, hawakutaka kuwapokea. Ndugu wa Menno, ambao wenyewe walikaa mjini kwa kujificha, wakatoka juu ya barafu kuwaendea, wakawapelekea mkate, wakawatafutia mahali pa kukaa. Wageni walipokwisha kupata nguvu, wakaanza kubishana na wenyeji wao juu ya imani, na mabishano yale yakajulikana nje, hata mafichoni pa Menno pakafunuliwa. Mwaka 1554 amri ikatoka ndugu wafukuzwe Wismar. Menno aliandika juu ya jambo hilo kwa uchungu mwingi, na hatumlaumu. Habari za Walutheri hatuzisemi kwa kuwachongea majirani zetu. Mwezi wa Julai 2010, katika mji wa Stuttgart, Shirikisho la Walutheri la ulimwengu liliomba msamaha mbele ya Mungu na mbele ya Wamenno kwa ajili ya mateso ya siku zile, nao wajumbe wetu wakaupokea ombi lile kwa machozi na kwa furaha.

Mahali pa mwisho palikuwa Wüstenfelde, karibu na Oldesloe katika Holstein, katika shamba la bwana mmoja, Bartholomäus von Ahlefeldt. Bwana huyo alipokuwa askari Uholanzi aliwaona Waanabaptisti wakiuawa, akaona jinsi walivyokufa, akarudi nyumbani akiwa ameazimia kwamba katika ardhi yake hawatauawa. Mfalme wa Denmark alimkemea, wala hakubadilika. Hapo Menno aliweza kuwa na mtambo wa chapa na bustani. Alikuwa sasa mzee kiwete. Picha zamwonyesha na gongo. Mke wake na mwana wao Jan walitangulia kufa, wakabaki mabinti.

Laiti siku zile za mwisho zingalikuwa za amani! Mateso ya nje yalipopungua, yakaingia ya ndani. Kanisa lisilo na upanga lilikuwa na fimbo moja tu, kumtenga mkosaji na ushirika mpaka atubu. Na wazee wakauliza, je, kama aliyetengwa ni mume, mkewe ajitenge naye mezani na kitandani? Huko Emden alikuwako mwanamke, Swaen Rutgers, ambaye mumewe alitengwa, naye akakataa kumwacha. Mzee Leenaert Bouwens akataka mwanamke naye atengwe. Menno aliandika mwaka 1556 kwa huzuni, akisema kwamba hajapata kukubali dhamiri ilazimishwe hivyo, na kwamba jambo hili liachwe. Yeye aliyejua maana ya kufukuzwa aliona vema. Lakini mwaka 1557 akasafiri mpaka Friesland, akakutana na Leenaert na wenzake, akaogopa Kanisa lisipasuke, akawafuata. Na mwaka 1558 akaandika kitabu cha kutetea ukali ule. Kanisa likapasuka hata hivyo. Ndugu wa Waterland wakajitenga, na wa Ujerumani ya juu wakawa mbali. Mwaka 1693 neno hili hili la kutenga liliwagawanya ndugu wa Uswisi na Alsace, wakatokea Waamish. Kwa hukumu yetu, katika jambo hili barua ya 1556 ilikuwa ya Menno mwenyewe kuliko kitabu cha 1558, na wazee wa makanisa wakaapo barazani kumhukumu mtu wa nyumba fulani wangefanya vema kuikumbuka.

Menno alifariki katika Wüstenfelde siku ya 31 Januari 1561, kitandani mwake, jambo ambalo wachache wa rafiki zake walilipata. Ilikuwa miaka 25 tangu mwezi ule alioacha upadre. Alizikwa bustanini mwake. Vita vya Miaka Thelathini, vilivyowaka tangu 1618 hata 1648, vilikiharibu kijiki kile chote, wala kaburi halionekani tena. Karibu na hapo iko nyumba ndogo ambayo yasemwa ndimo mtambo wake wa chapa ulimofanya kazi, na mbele yake umesimama mti mkubwa wa kivuli ambao wenyeji husema aliupanda yeye.